Anti, nikipigia baba simu maneno yanaisha kabla ya kredo

Habari yako Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Nakuru upande wa Free Area na nafanya kazi ya ofisi. Wazazi wangu wako nyumbani Luanda, kaunti ya Vihiga, baba ana miaka 81 na mama 76. Wote wanatembea wenyewe, wanakula vizuri, mama ako na presha lakini anameza dawa. Sina shida ya kuwasaidia, hiyo mimi na kaka yangu tunafanya, kila mwezi kitu kinafika. Shida yangu ni kuongea.

Napiga simu kila Jumapili jioni na inaenda hivi. Baba mko salama? Tuko salama. Mvua imenyesha? Imenyesha kidogo. Umekula? Nimekula. Watoto je? Wako sawa wanakusalimia. Haya, ngoja nikupe mama yako. Hapo baba ameisha. Nikiongeza swali anasema "eeh, eeh" halafu nasikia simu inapeanwa. Mama naye ni kinyume, mama anaweza kuongea mpaka simu iwe moto lakini ni nani amekufa, nani anazikwa lini, nani alikopa jembe akakataa kurudisha, halafu tunaingia kwa ile stori ya ng'ombe yao iliyogongwa na treni karibu na stesheni. Anti, hiyo ng'ombe ilikufa kabla mimi sijazaliwa na naijua hadi rangi ya mkia.

Disemba tulienda nyumbani na watoto. Baba kwa kiti chake na redio imebanwa kwa sikio, sisi kwa simu zetu, TV inaongea peke yake. Tukala kuku, tukaomba, tukarudi Nakuru.

Kilichonifanya nikuandikie ni matanga fulani ya mwaka jana huko Yala. Kuna mzee walifanya na baba kazi ya reli, akapewa maiki, badala ya kuongea juu ya marehemu akamwonyesha baba kwa kidole akasema huyu mnamuona amenyamaza hapa ndiye alikuwa golikipa wetu wa timu ya reli Nakuru, na jioni ndiye alikuwa anaandikia vijana wa stesheni barua za kutuma nyumbani. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki mdomo wazi. Najua baba alikuwa gadi wa treni, aliajiriwa 1966 akastaafu nikiwa bado shule, lakini golikipa? Kaka yangu amecheza mpira tangu primari na hajawahi kuambiwa hata siku moja. Tukiwa kwa gari nikamuuliza, akasema "hayo ni mambo ya zamani" halafu akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nikaingia intaneti nikatoa orodha ya maswali ya kuuliza wazazi wazee. Siku moja nikamuuliza, "Baba, ni kitu gani unajivunia zaidi katika maisha yako?" Akaniangalia kwa muda halafu akasema, "Kwani mnaniandikia wasifu wa mazishi?" Mama akaongeza ati watu wakianza maswali ya hiyo aina huwa wanataka kugawa shamba. Nikanyamaza.

Kaka yangu anasema niwache wazee wapumzike, pesa inafika na hiyo inatosha. Mimi naona haitoshi. Nataka kuwajua wakiwa bado hapa, sio kuambiwa na wageni kwa maiki. Nifanye aje? Na je, ni vibaya nikiwarekodi kwa simu?

Binti wa Luanda, Nakuru

*

Binti wa Luanda,

Mulembe. Barua yako nimeisoma na kabla sijafika kwa maswali ya kuuliza, wacha tuanze na masikio, kwa sababu umeniandikia vitu vitatu bila kuviunganisha: baba anajibu "eeh eeh" kwa simu, anapeana simu haraka, na redio anaibana kwa sikio. Ongeza hapo kwamba alikaa miaka mingi kwa treni, na kelele ya injini na mabehewa ni kitu kinaharibu masikio polepole bila mtu kujua. Mimi nikisoma hivyo sioni mzee asiyetaka kuongea na binti yake, naona mzee ambaye nusu ya maneno hayamfikii na anaona aibu kusema "rudia."

Masikio ya uzeeni huanza kupoteza zile sauti nyembamba, herufi kama s, f, t na sh zinapotea, kwa hivyo anasikia kwamba unaongea lakini hajui umesema nini. Sauti za wanawake na watoto ziko juu kwa hivyo ndizo zinapotea mapema, ndio unakuta mzee anaelewana vizuri na mwenye duka mwenye sauti nzito halafu binti yake hamsikii na nyumbani mnasema anachagua watu wa kuongea nao. Kwa simu ni mbaya zaidi sababu haoni mdomo wako. Na ukipiga kelele haisaidii, kelele inafanya sauti iende juu tena, pale pale ambapo sikio limekufa. Shusha sauti, ongea polepole kidogo, kaa mbele yake mahali kuna mwanga, na hiyo TV izime. Sio kupunguza, kuzima.

Halafu apelekwe kliniki ya masikio, iwe hospitali ya kaunti hapo Mbale ama Kisumu kwa Jaramogi, ile wazee wanaita Russia. Wakati mwingine ni nta tu imejaa na inatolewa siku hiyo hiyo mtu anatoka anashangaa kusikia ndege. Asichokonolewe na kijiti nyumbani tafadhali. Kama ni umri na kelele za kazi basi hairudi ilivyokuwa, lakini kuna vifaa vya kusikia, na hata kabla ya kifaa nyinyi mkijua tu mtaongea naye tofauti.

Sasa maswali. Lile la "unajivunia nini zaidi" nalijua, liko kwa kila orodha na mimi mwenyewe ukiniuliza hivyo saa hii nitakutoroka. Ni swali kubwa mno. Linamtaka mtu apange miaka 81 kwa foleni achague moja, na kwa wazee wetu kujisifu ni jambo mtu hafanyi mwenyewe, anafanyiwa na wengine, ndio maana hiyo stori ya golikipa ilitoka kwa mzee wa Yala na haingetoka kwa baba. Na yale mengine mnayouliza, umekula, mvua imenyesha, ni maswali madogo mno, yana jibu tayari. Mtu ukimuuliza kitu chenye jibu tayari atakupa hilo jibu, sio kwamba amekunyima.

Wewe muulize kazi. Mzee aliyefanya kazi moja karibu miaka thelathini ana vitu kichwani ambavyo hakuna mtu amewahi kumuuliza vinafanyika vipi. Reli ya kutoka Nakuru kuja Kisumu inapita Njoro, Molo, Mau Summit, Londiani, halafu inashuka Fort Ternan na Muhoroni, unatoka kwa baridi ya kuuma masikio unaingia kwa joto la miwa ndani ya safari moja. Gadi anavaa nini? Koti analiweka wapi ikifika Muhoroni? Usiku anakula nini na nani amepika? Reli ni moja, treni moja inapanda na nyingine inashuka, mlikuwa mnajuaje nani angoje na nani apite? Hili la mwisho ningelipa pesa nisikilize jibu lake. Mtu akipatikana bila tiketi ulimfanya nini, na mama mwenye kuku chini ya kiti je? Kwa maswali ya hivi hakuna kujisifu, kuna kueleza tu, na mtu akieleza kazi yake lazima ajitaje ndani. Golikipa atakuja mwenyewe, kwa sababu hiyo timu ilikuwa ya hao hao watu wa kazi.

Kuna kitu wataalamu wa kumbukumbu wameona kwa watu wazima wa nchi nyingi, kwamba mzee hukumbuka zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka kama 10 na 30 kuliko ya katikati ya maisha. Piga hesabu. Baba yako Uhuru wa 1963 ulimkuta kijana wa karibu miaka 19, 1966 ameajiriwa, na wakati huo reli haikuwa ya Kenya peke yake, ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, mtu wa Luanda angeweza kupelekwa Tororo ama Kampala na bado ako kwa mwajiri yule yule. Mwaka wa 1976 Idi Amin wa Uganda anadai sehemu za magharibi mwa Kenya ni zake, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, mwaka uliofuata Shirika la Reli la Kenya likaundwa. Wewe hivyo ni vitu vya kitabu cha historia, yeye ni mambo ya kazini. Alikuwa wapi hiyo wiki Jumuiya ilivunjika? Rafiki zake wa upande wa Uganda walienda wapi, na mabehewa yaliyokuwa upande ule yalirudi? Muulize hivyo, kwa jina la kituo na jina la mwaka, sio "baba tuambie maisha ya zamani yalikuwa aje."

(Na nyinyi wengine mnaosoma ambao wazee wenu ni wa upande wa ziwa, Dunga, Nyando huko, 2020 maji yalipopanda yakaingia kwa nyumba na mikahawa, rekodi iliyokuwa imevunjwa ilikuwa ya 1964, baada ya zile mvua kubwa za wakati wa Uhuru. Kuna watu wameona hayo maji mara mbili na wako hapo nyumbani wanaulizwa kama wamekula.)

Kuhusu simu, jaribu hivi. Usimuulize swali papo hapo ukingoja jibu. Muachie. Mwambie, "Baba, Jumapili ijayo nitakuuliza venye treni zilikuwa zinapishana Londiani," halafu kata simu kwa salamu za kawaida. Wazee wengi hawapendi kushikwa ghafla, wanapenda kupanga maneno, na hapo katikati ya wiki atakuwa na kitu cha kufikiria, pengine atamuuliza yule mzee wa Yala jina fulani alilosahau. Na usipige saa ya habari. Baba yako akiwa na redio saa hiyo wewe ndiye unaingilia mazungumzo yake.

Ile ya shamba sasa. Mama yako hakuwa anafanya mzaha na wala hajakosea, huko kwetu magharibi mtoto aliyekuwa kimya miaka ishirini akianza ghafla kuuliza babu alitoka wapi na mpaka unapita wapi, watu wanafikiria taito ya shamba. Nimeona nyumba zikigawanyika kwa swali kama hilo. Kwa hivyo sema sababu yako mapema na iwe ya kweli: "Baba, mzee wa Yala alinifanya nione aibu, watoto wangu hawajui kuka, babu yao, alikuwa anafanya kazi gani." Halafu kaa mbali na mipaka ya shamba mwaka huu mzima. Hata lile swali zuri la reli ya Butere ilipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikata shamba za kina nani, liache kwanza. Litakuja siku nyingine.

Njia nyingine ya kuondoa shaka ni watoto wako. Wewe na baba kuna heshima katikati, kuna mambo hatakuambia hata ukikaa naye mwezi, lakini mjukuu na kuka kwa Waluhya ni watu wa utani, mjukuu anaweza kuuliza "kuka, kukhu (yaani nyanya) ulimpata wapi, alikukataa kwanza?" na kila mtu akacheka na jibu likatoka. Wewe ukiuliza hilo swali unaonekana umerukwa na akili. Shule siku hizi zinawapa watoto kazi za kuuliza wazee mambo ya zamani, tumia hiyo, mtoto akae na daftari na wewe uwe jikoni unasikiliza. Usiingilie. Najua utataka kusahihisha mtoto akiuliza vibaya, lakini mwache tu.

Na wewe mwenyewe, kuna siku umewahi kumuomba baba ushauri wa kitu ambacho kweli hujui? Simaanishi ushauri wa kumfurahisha, wazee wanajua mtu akiwadanganya. Kama kazini kuna bosi anakusumbua, mwambie. Yeye alifanya kazi chini ya wakubwa wa kila aina, alijua kunyamaza lini na kuongea lini, na pengine atakuambia ufanye kitu cha kizamani kabisa ambacho hutafanya, sawa, lakini hapo mtakuwa mnaongea kama watu wazima wawili. Nyinyi na kaka yako mmefanya wazee wawe watu wa kupokea tu. Pesa, dawa, unga, blanketi. Mtu wa kupokea anasema asante na anapeana simu kwa mama.

Sisemi pesa ni mbaya, usinielewe vibaya, kuna wazee hapa wanangoja zile elfu mbili za serikali za Inua Jamii na hakuna mtoto anatuma chochote. Lakini fikiria kabla M-Pesa ianze 2007 mtu akitaka kutuma pesa nyumbani aliweka kwa bahasha akampa mtu anayesafiri, na ndani ya bahasha lazima kulikuwa na barua hata ya mistari minne, ya kusema hii ni ya mbolea na mimi nilikuwa mgonjwa lakini nimepona. Baba yako alikuwa anaandikia wenzake hizo barua! Siku hizi simu inalia mlio mmoja na mzee anajua mtoto ako hai. Hapo ndipo ningemuuliza swali moja moto: wale vijana wa stesheni walikuwa wanataka uandike nini, na ni nani alikuwa anadanganya kwao?

Tuje kwa mama, ambaye unamlalamikia kwa kuongea, na mimi niko upande wake kidogo. Wafu unaosomewa kila Jumapili ni watu wake. Akiwa na miaka 76, habari za dunia yake ndizo hizo, mmoja mmoja wale waliomjua akiwa msichana wanaondoka, na hakuna mtu wa kumwambia isipokuwa wewe. Badala ya kusema "pole mama" ukingoja apite kwa mwingine, muulize "huyo mlijuania wapi?" Utashangaa. Kutoka kwa tangazo la kifo utaingia kwa shule ya misheni, kwaya, ugomvi wa kisima, nguo waliyokuwa wanapeana ya kuendea harusi.

Ng'ombe nayo usiikatize na usiseme "mama ulishatuambia." Ingia kwa mlango wa pembeni. Hiyo ng'ombe ilinunuliwa na pesa gani? Nani alikuwa anaichunga siku hiyo na alichapwa? Reli ililipa? Na ngoja kwanza, mume wake alikuwa mtu wa reli na ng'ombe imeuliwa na treni, hiyo usiku nyumbani waliongea nini? Stori inayorudiwa mara nyingi huwa imebeba kitu mwenye kuisimulia hajamaliza nacho, na wewe umekuwa ukisikiliza mkia tu. Na mama usimkalishe sebuleni umtazame, hapo ataleta habari za kanisa. Kaeni jikoni mnachambua mrenda ama mnamenya njugu, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini mdomo unafunguka wenyewe. Kama alikuwa anauza sokoni Luanda, muulize alikuwa anakumbuka vipi madeni ya watu bila kitabu, na ni nani alikuwa halipi.

Jambo moja la kuangalia hapa, na sitaki uogope. Mtu kurudia stori ya zamani kila baada ya wiki ni uzee wa kawaida na pia ni mapenzi ya stori. Lakini akiuliza swali lile lile baada ya dakika chache bila kujua ameshauliza, akipotea njia ya kanisa aliyopita miaka yote, akichanganya dawa ama akishindwa na hesabu ya chenji ambayo alikuwa anaiweza, hapo sio stori tena, apelekwe hospitali aangaliwe. Wengi huku tunasema "ni uzee tu" na kuna shida zingine kama sukari, dawa zinazopigana ama upungufu wa vitamini ambazo zinaleta hiyo hali na zina matibabu.

Pia kuna milango haitafunguka na usiisukume. Mtu aliyefanya kazi Nakuru na njia ya Molo na Londiani pengine aliona vita vya kikabila vya 1992, na kila mtu anamjua mtu aliyeona ghasia za baada ya uchaguzi za 2008. Kuna watoto waliozikwa wadogo ambao hawatajwi. Baba akinyamaza ghafla ama akiuliza maji ya kunywa, mpe maji. Badilisha stori, urudi kwa treni. Siku akitaka kusema atasema, na asiposema hajakukosea kitu.

Ukienda mwezi wa nne jaribu kumtoa nyumbani. Tembeeni polepole mpaka stesheni ya Luanda hata kama hakuna treni siku hiyo, msimame tu hapo, mahali hukumbusha mtu vitu ambavyo swali haliwezi. Na siku mkimfikisha Nairobi kwa sababu yoyote, mpitisheni makumbusho ya reli, kuna injini kubwa ya moshi ya aina ya Garratt imesimama hapo, inaitwa Mount Gelai, hizo za daraja lake zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mpeleke karibu nayo halafu unyamaze uone nani ataongea.

Kaka yako hayuko vibaya, ni mtu wa mpira na hajui aanzie wapi, kama baba yake tu. Mpe kazi moja. Apige simu siku ambayo hajatuma pesa, na asiulize afya ya mtu, aseme hivi: "Baba, watu wanabishana hapa, Mahmoud Abbas, yule golikipa wa AFC Leopards, alikuwa anastahili kuitwa Kenya One ama ni sifa tu?" Mtu aliyesimama golini hawezi kunyamazia hiyo. Akishajibu, kaka aulize alikuwa anadaka aje mipira ya juu na uwanja wa timu ya reli ulikuwa wapi. Kama haitaenda dakika kumi niandikie tena unilaumu.

Kurekodi sio vibaya, kurekodi kwa siri ndio vibaya. Omba ruhusa, weka simu mezani aione, na mwambie nani atasikiliza. Wengine simu ikiwashwa wanaanza kuongea kama mchungaji, basi zima, sikiliza tu na uandike usiku ukiwa chumbani, majina ya watu na vituo kwanza kwa sababu ndiyo yanapotea haraka. Zile utakazorekodi ziandike tarehe, uweke mahali pawili, simu zinaibiwa. Na usizitume kwa grupu ya familia ya WhatsApp kabla mama hajasikiliza na kusema ni sawa, maana nusu ya kijiji iko kwa hiyo grupu.

Anti